Mvumo wa Redio ya Bi. Mgeni

Mwanangu Zuwena,

Sijapata kukuandikia barua hata siku moja. Ya nini? Wewe ulikuwa hapa hapa juu, mie kibandani chini ya ngazi, nikikutaka nnakuita, unaitika naam, yamekwisha. Leo uko Makunduchi kumuaga bibi yako, gari la shamba litakurejesha magharibi, na mie nimefunga kibanda kabla ya alasiri. Majirani wawili wameshanichungulia kuniuliza kama naumwa. Siumwi. Nnaandika tu, na kalamu yenyewe inavuja, kwa hivyo ukiona madoa usidhani ni machozi.

Mambo ya kula na kuvaa, ya kumheshimu khaloo yako utakayekaa kwake huko Dar es Salaam, ya kutomfungulia mlango usiyemjua, mama yako keshayasema na kesho atayasema tena mpaka boti ing'oe nanga. Mie siongezi kitu hapo. Nna jambo moja, na ningeweza kukwambia kwa mdomo, lakini unanijua. Nikianza kusema ntapaparika, ntatia mzaha, ntahamia jingine, na boti itaondoka hujasikia. Karatasi hainikimbii.

Jumatatu nlikuwa napanda ngazi, wewe na mama yako mko ndani mnakunja nguo. Nikamsikia mama yako anasema utakuwa mkunga mzuri. Wewe ukamwambia ukifika hospitali utaomba wakuweke kwenye kuandika majina ya wagonjwa, au kwenye stoo ya mashuka. Akakuuliza kwa nini, na watu wanalilia nafasi hiyo. Ukasema: "Mikono yangu, Mama. Kitu nikikishika kinaungua." Ukacheka, na mama yako akacheka. Mie sikucheka. Nlishuka zile ngazi kimya kimya kama mwizi, nikakaa kibandani, na kazi yote ya siku ile ilinishinda.

Zuwena, redio ya Bi. Mgeni hukuiunguza wewe. Nliiunguza mie. Na nlijua kuwa ni mie tangu siku ya pili yake.

Hiyo ndiyo barua. Yaliyobaki ni kukueleza ilivyokuwa, maana wewe hukubali kitu mpaka ukifungue uone ndani mna nini, na hilo umelitoa kwangu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Mie nlikupata nna miaka kumi na saba. Wenzangu wanacheza mpira Mnazi Mmoja, mie nnambembeleza mtoto. Nlikuwa hamali bandarini, nnabeba magunia ya karafuu, na akili yangu haitulii, kila kitu nnataka kukijua jana. Vita vilipokwisha yakashushwa makasha ya vitu vibovu vya jeshi, na ndani ya kasha moja mna redio isiyo na sanduku, utumbo mtupu. Nikaiomba, nikapewa, nikaja nayo mbio kama nimepewa ng'ombe. Mama yako aliitazama akauliza inaliwa na nini.

Sikujua kitu. Hakuna aliyenifundisha. Kitabu nlichokipata kilikuwa cha Kiingereza, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, kwa hivyo nikawa nasoma picha. Nikiunganisha waya, nikipiga magoti, nikisoma bismillahi, nikiwasha. Kuna siku niliigusa kondensa, kile kikopo cha ndani ya redio, na redio nimeizima muda mfupi tu, nikidhani kilichozimwa kimekufa. Ilinirusha mpaka ndani ya ungo wa mchele wa mama yako. Wewe ulikuwa na miaka sita. Ulicheka mpaka ukakaa chini, halafu ukaniuliza swali ambalo mie mwenyewe sikuwa nimejiuliza: "Huo umeme ulikuwa umejificha wapi, Baba?"

Tangu siku hiyo nikakutaka kibandani. Bibi yako alinung'unika, mtoto wa kike anashinda na bisibisi, nani atamuoa. Nikamwambia atakayemuoa atapata redio nzima nyumbani. Ulikuwa unakaa juu ya kile kiti cha mbao kilichovunjika mgongo, unanishikia taa, na nlikueleza ile habari ya pipa. Unaikumbuka? Sikuitoa popote, nliibuni papo hapo, na mpaka leo sijapata nzuri zaidi.

Umeme wa ukutani hautulii, unakwenda na kurudi, na redio haiwezi kuunywa hivyo. Ndani mna valvu moja, ile taa ya kioo, ina pande mbili. Nikakwambia, fikiri ni watu wawili wako kisimani wanachota kwa zamu na kumimina kwenye pipa. Huyu akimimina, mwenzake anachota. Pipa ndilo kondensa. Chini ya pipa pana bomba, na redio inakunywa hapo. Pipa likiwa zima, maji yanatoka bombani yametulia, hata hujui kuwa huko juu yanamiminwa kwa ndoo. Pipa likioza, kila ndoo unaisikia chini. Maji yanatoka kwa viwimbi, na viwimbi hivyo vikifika kwenye spika ndio mvumo, mmmm, unamfunika msomaji mpaka humsikii.

Nlikueleza hayo, ukayashika. Lakini mie mwenyewe nlikuwa nnaijua nusu ya habari. Nlijua pipa linaoza. Sikuwa nimejiuliza itakuwaje pipa likiwa zima na mchotaji mmoja akaacha kazi.

Sasa Ramadhani ile. Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Redio ya Bi. Mgeni ilikuwa ndiyo redio ya kichochoro kizima, na wanawake wakikusanyika uani kwake baada ya alasiri kusikiliza qiraa ya Qurani kutoka Misri mpaka karibu na kufuturu. Ikaanza kuvuma. Siku ya kwanza kidogo, siku ya tatu qiraa yote imezama. Nikaitwa. Unajua mie kwake siingii, uani wanawake watupu, mie mwisho wangu ni pale kwenye pazia la mlango. Kwa hivyo nikakutuma wewe uingie uisikilize ilipo, kama tulivyozoea. Wewe ndiye uliyekuwa sikio langu ndani ya nyumba za watu.

Ukarudi mbio. Nlikuwa nshaitengeneza redio ya mkahawani wiki mbili nyuma, nayo ilikuwa inavuma, nikabadilisha kondensa ikanyamaza, na kichwa kikanivimba. Ukasimama mlangoni mwa kibanda, ukavuma kwanza mvumo wa mkahawani, kisha ukavuma wa kwa Bi. Mgeni. Ukasema: "Si kama ule, Baba. Huu uko chini."

Nnausikia mpaka leo. Na ulikuwa sawa kabisa. Sikio lile ulilipata chuoni, kwenye Qurani. Mwalimu wako alikuwa akikusifu kwa kuzivuta ghunna zako, ule mvumo wa puani unaposoma, kila moja kwa kiasi chake, haipandi haishuki. Mtoto mwenye sikio la namna hiyo akikwambia mvumo huu uko chini, unaweka kila kitu chini na unasikiliza.

Mie nikakwambia mvumo ni mvumo.

Hamali akaileta redio. Ningeipindua tu nikaitazama tumboni, ningeona. Sikuipindua. Nlikuwa nna kondensa moja kubwa nimeitoa kwenye mashine mbovu ya sinema, kubwa mara nne ya ile iliyomo, na nlikuwa nnawashwa kuitia mahali. Nikasema kama pipa dogo linafaa, pipa kubwa litafaa zaidi. Nikaunga mguu mmoja. Mguu wa pili, kwa furaha iliyonijaa, nikakupa wewe chuma. Ukalehemu. Ulitoa ulimi nje kidogo pembeni, kama unavyofanya mpaka leo ukitunga uzi kwenye sindano. Nikawasha. Mvumo ukashuka, ukabaki kidogo sana kwa mbali. Nikaruka nikajigonga na ngazi. Wewe ukaniambia bado upo, unausikia. Nikasema huo utaisha wenyewe.

Hukuwa umekosea hata hapo. Pipa lilikuwa zima tangu mwanzo. Aliyeacha kazi alikuwa mchotaji mmoja, upande mmoja wa ile valvu haukuwa ukipata umeme. Ndoo zilikuwa zinakuja kwa nafasi, moja badala ya mbili, ndio maana mvumo ukawa mzito, wa chini, kama ulivyosema. Na mie nikamletea yule mmoja aliyebaki pipa kubwa mara nne, nikamwambia jaza.

Redio ikarudishwa kwa Bi. Mgeni. Wewe ukaingia nayo ndani kuiwasha. Mie nikabaki kichochoroni nimeegemea ukuta, na sikuwa na kazi yoyote pale. Nlitaka kusikia nikisifiwa. Na nlisifiwa. Qiraa ikatoka safi, wanawake wakasema mashallah, mmoja akasema Makame ni fundi, na mie nje nnatabasamu peke yangu kama mwehu.

Kisha pakalia ta! Halafu harufu ya lami. Halafu moshi ukatoka chini ya pazia, na makelele, na ndoo zinagongana.

Bi. Mgeni akaja mpaka kwenye pazia. Simuoni, nnaona vidole vyake tu vimelishika. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, na ningependa angepiga kelele: "Makame, umenifanya nini?"

Na mie nikajibu: "Mtoto ndiye aliyelehemu, Bi. Mgeni. Labda hakushika vizuri."

Sikufikiri. Lilitoka kama lilikuwa limeshatayarishwa. Wewe uko upande wa pili wa pazia, nnaona kivuli chako kimeshika sijui nini mkononi, na ulilisikia. Nnajua ulilisikia kwa sababu huko ndani mmoja alidakia akasema mtoto wa kike na moto wa waya, wapi na wapi, na wakacheka, kicheko cha watu waliokwisha ogopa. Walikuwa tayari kuliamini. Nafikiri hicho ndicho nlichokitegemea bila ya kujua. Ningesema mtoto wa kiume wangeniuliza, na wewe fundi mwenyewe ulikuwa wapi.

Ulipotoka ulipita mbele yangu. Nlidhani utanitazama. Ulikuwa unatazama vidole vyako.

Kufika sala ya taraweha usiku ule ulikuwa ushapewa jina. Zuwena Moshi. Watoto kwenye bomba la maji, Zuwena Moshi. Bi. Mgeni mwenyewe, kila ukipita, si kwa ubaya, kwa utani wa bibi na mjukuu: Moshi, njoo unitumie dukani. Na wewe unakwenda.

Bi. Mgeni akasema lile sanduku la redio nilichukue tu, halimfai. Siku ya pili nikalifungua. Nlitaka nione ulipokosea, wallahi, nlikuwa nshajiaminisha. Nikakitafuta kiungo chako kwanza. Kilikuwa kimekaa kama kilivyo. Nikakivuta kwa koleo, nikakitikisa, hakikutoka. Kinang'aa, kimezunguka waya pande zote, hakina tundu. Kiungo changu pembeni yake kilikuwa kama donge la ugali.

Kisha nikaipindua. Chini ya ile valvu pana vijiguu ambavyo nyaya zinafungwa. Kimoja kilikuwa kijani. Chumvi, Zuwena. Hewa hii ya bahari tunayoivuta ndiyo iliyokila mpaka waya ukaachana na chuma, na ule upande wa valvu ukafa njaa. Kukwaruza, kulehemu upya, kazi ya dakika tano. Upande wa pili ulibeba mzigo wote na pipa langu juu yake mpaka ukapasuka, na transfoma ikayeyuka lami.

Nikakaa na lile sanduku mapajani. Nlikusikia juu unatembea. Ngazi zetu ni kumi na tano tu.

Ntakwambia kwa nini sikuzipanda. Siku ile nlisema nisubiri Bi. Mgeni apoe. Kisha nikasema Ramadhani iishe, isiwe fitina ndani ya mwezi. Idi ikaja, nikasema si siku ya kutia watu simanzi. Baada ya Idi nikajiambia mtoto keshasahau. Nlikuwa ndio kwanza nnaacha uhamali, watu wawili watatu ndio wameanza kuniita fundi, na nlikuwa nnaogopa jina hilo lisinidondoke kabla halijanikaa. Hiyo ndiyo sababu ya kweli, zile nyingine ni vifuniko vyake.

Wewe ukaacha kushuka kibandani. Nikajiambia unakua, mtoto wa kike akikua anakaa na mama yake. Kile kiti nikakiwekea makopo ya misumari ili nisikione kitupu.

Na ujue jingine, maana ukilisikia kwa watu utaniona mwongo mara mbili. Watu wa Kiponda na Shangani wananiletea redio zao wakisema Makame ana sikio. Redio ikivuma, mie sishiki bisibisi kwanza. Nnafunga macho nasikiliza, mvumo uko juu au uko chini. Ukiwa juu, nnatazama pipa. Ukiwa chini, nnatazama wachotaji. Kisha nnaipindua nakagua vijiguu vyote kwa chumvi kabla sijabadilisha chochote. Miaka mitano sijaunguza redio ya mtu. Wananisifu kwa sikio, na sikio hilo ni lako, nlilitumia na sikukutaja.

Leo asubuhi gari lako lilipoondoka tu, nlikwenda kwa Bi. Mgeni. Nlisimama pale pale kwenye pazia. Nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akadhani nimekuja kutazama waya wa taa yake. Nikamwambia. Nlisema yote, mpaka la pipa, sijui alielewa nini katika la pipa, lakini nlipofika kwenye lile neno langu, mtoto ndiye aliyelehemu, alinikatiza. Akasema: "Na mie miaka mitano namwita Moshi. Dhambi hiyo sasa tunaigawa vipi, Makame? Maana yangu sitaki kuwa nayo peke yangu."

Nikasema yote niachie mie. Akasema hapana, yake anayo, ulimi ulikuwa wake.

Kisha akaniambia jambo ambalo mie sikulijua, na wewe hukuniambia hata siku moja. Alisema siku ile moshi ulipotoka, wakubwa wote walikimbilia ndoo. Yeye mwenyewe alikuwa ameshainua ndoo ya maji juu ya ile redio na waya bado uko ukutani. Wewe ulipita chini ya mkono wake, ukauchomoa. Kisha ukamwambia sasa mwaga, Bibi. Anasema alikukasirikia kwa kumwamrisha mkubwa.

Zuwena, ningemzika Bi. Mgeni siku ile. Unajua na mie nnajua, maji juu ya kitu kile na umeme haujakatwa. Nlipokuwa nje nnatafuta wa kumsingizia, mkono wako ulikuwa ndani unachomoa waya. Kumbe ndicho ulichokuwa umekishika ulipokuwa nyuma ya pazia, kichwa cha waya. Na mkono huo huo ndio uliousema Jumatatu kuwa kila ukishikacho kinaungua.

Nlimwambia Bi. Mgeni kuwa unakwenda kuomba uwekwe stoo. Akaniuliza boti inaondoka saa ngapi.

Sasa mie si mkunga, na wewe hujawahi kunitaka ushauri wa mambo ya wanawake, Mungu apishe mbali. Lakini nimewaza leo kutwa kwamba kazi unayoiendea si mbali sana na hii. Utawekwa mbele ya mtu anayevuma, na mkubwa wako atakuwa na haraka, na mkononi atakuwa ameshashika dawa iliyomponya wa jana. Utasikia kuwa huyu si kama yule. Sema. Ukiambiwa mvumo ni mvumo, sema tena. Mie ulinambia mara mbili, na hukukosea mara zote mbili. Kosa lako peke yake ni kumwamini baba yako mara ya tatu, pale kwenye pazia.

Na ukikosea wewe, maana utakosea, mie nimeunguza vidole mpaka alama zake hazionekani, lipeleke kosa lako kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, likiwa bado la moto. Nlingoja lipoe, na ndilo lililokaa kwako miaka mitano.

Kuna jingine, nilimalizie maana kuandika nishakuzoea. Yule mchotaji mmoja aliyebaki kisimani. Ukikuta mtu nyumbani au kazini anabeba kwa ajili ya wawili, hanung'uniki, na kila mtu anasema mbona mambo yanakwenda, mtazame vizuri, usimletee pipa kubwa zaidi. Wewe ulikuwa huyo kwangu. Nisingelijua hilo kama usingelisema lile neno kwenye kukunja nguo, na ulilisema kwa kucheka.

Sikwambii unisamehe. Bibi yako angenigomba kwa kukuachia mzigo huo njiani. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, ila anza leo usiku, nikuone, usinikasirikie Dar es Salaam peke yako ambako sitakuwepo kukasirikiwa. Mie ntakuwa kibandani mpaka mtakapolala, mlango wazi. Nimeshayatoa makopo ya misumari juu ya kiti.

Barua hii ntaitia ndani ya sanduku lako, juu ya kanga mbili za mama yako, ili uione ukilifungua magharibi. Pembeni yake kuna kitambaa changu cha kufutia chuma, kimefungwa fundo. Kifungue. Ndani mna kipande cha bati nimekikata leo kutoka tumboni mwa redio ya Bi. Mgeni. Sikuitupa ile redio, ilikuwa nyuma ya makasha, nlikuwa siwezi kuitumia wala kuitupa. Kwenye kipande hicho kuna viungo viwili. Huna haja nikwambie kipi ni chako. Miaka mitano ya chumvi, changu kimeshakuwa kijani. Chako kivute, kikaze, kivute tena. Fanya hivyo siku utakayofika hospitali, kabla hujazungumza na mtu habari za stoo. Kisha amua mwenyewe, ukitaka mashuka, mashuka, na mie sitasema neno.

La mwisho. Bi. Mgeni hajatoka nje ya kichochoro chetu tangu afe mumewe, unajua. Anasema kesho atakuja Malindi gatini, boti yako inapofunga, kwa miguu, ashikwe mkono na yeyote atakayekubali. Mbele ya watu wote na mahamali na mizigo, atakuita. Si Moshi. Ameniapia atakuita Zuwena binti Makame, jina zima.

Sauti yake ni ndogo na pale pana kelele. Wewe utamsikia kabla ya mtu yeyote. Lakini usiitike upesi. Mwache alirudie mara ya pili, na wengine walisikie, ndipo useme naam.

Baba yako,
Makame